Nani Mwingine Yuko Humu?

Vijana wa kikundi chetu cha mafundi mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Mmechelewa, mengine yameshatoka kichwani. Nimestaafu mwezi uliopita, na mpaka leo nikiamka asubuhi mkono unatafuta bisibisi kabla ya kutafuta miwani. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Waliotaka kuzijua waliniuliza nikiwa bado kazini, na niliwadanganya. Nitaandika habari za hewa, maana ndiyo niliyoihangaikia maisha yangu yote, kwanza kwa simu za upepo, yaani redio, baadaye kwa waifai. Na nitaandika kosa moja ambalo nililifanya mara mbili, nikiwa kijana na nikiwa mzee. La pili ndilo linaloniuma zaidi.

Nilianzia Iringa mjini, kwenye karakana ndogo ya kanisa. Wakati huo vituo vya afya vya milimani havikuwa na simu. Kila kituo kilikuwa na redio ya kuongelea, betri ya gari na waya uliofungwa kati ya miti miwili, na vyote viliongea na mjini kwenye masafa mamoja. Anayeongea mmoja, wengine wote wanasubiri. Kazi yetu ilikuwa kuzitengeneza redio hizo zikiharibika, na ziliharibika mno, kwa sababu ya radi, panya na watu waliozigeuza meza ya kuwekea chai.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkuu wa karakana alikuwa Sista Benigna, mtawa mfupi mwenye miwani mizito, mikono ya vazi lake ameikunja na kuifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli isiguse chuma cha kulehemia.

“Kamwene,” alinisalimu.

“Kamwene, Sista.”

“Hilo shati umelileta kufanya nini humu?”

Hakungoja jibu. Akanikabidhi brashi na redio iliyojaa kinyesi cha panya, na kufikia saa sita shati lilikuwa limeshajibu lenyewe.

Sista alikuwa na utaratibu mmoja ulionichosha kuliko kazi yenyewe. Redio ikishapona, hakuruhusu mtu kubonyeza kitufe cha kuongea. Alivaa visikilizio, akaweka saa yake mezani, akasikiliza dakika tano kamili. Kila sauti aliyoisikia aliiandika kwenye daftari: kituo gani, anaongea nani, yuko katikati ya jambo gani. Ndipo alipobonyeza na kuuliza, taratibu kabisa, “Nani mwingine yuko humu?” Halafu akaachia kitufe na kusubiri tena. Mimi niliona ni mambo ya kitawa, kama sala kabla ya kula. Redio imepona, si uijaribu tu?

Basi asubuhi moja Sista alikwenda msibani, nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimebadilisha kipaza sauti cha redio moja iliyotusumbua wiki nzima, na kwa mara ya kwanza nilifanya kazi hiyo bila kuelekezwa. Furaha ilinizidi. Nikabonyeza kitufe nikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, ili nione mshale wa nguvu unavyopanda. Ulipanda vizuri. Nikahesabu mpaka mia. Kwa kuwa nilikuwa na raha zangu, nikaanza upya kwa Kihehe.

Muda wote huo nesi wa kituo kimoja huko milimani alikuwa anaita gari. Alikuwa na mama ambaye uchungu ulikuwa umemkwamia tangu alfajiri. Aliita, hakusikika, akaita tena, na kila alipoachia kitufe kusikiliza, alinisikia mimi nahesabu.

Sista aliporudi habari ilikuwa imeshafika mjini. Hakunigombeza. Kesho yake asubuhi aliniambia nivae viatu, tukapanda gari la kanisa mpaka kwenye kile kituo. Mama na mtoto walikuwa hai. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela hadi walipokutana na gari njiani, na mtoto alizaliwa hospitali. Sista alinipeleka kwa mama, nikamshika mkono, nikatamka kosa langu. Kisha akanipeleka kwa nesi. Yule nesi alifungua mdomo kutukaribisha, sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza yote akiita. Alinisogelea mpaka sikioni akaninong'oneza:

“Nilikusikia. Ulifika mia. Halafu ukaanza Kihehe.”

Nilitamani ardhi inimeze. Njiani kurudi Sista alisema neno moja tu: “Ukiharibu hewani humwoni uliyemuumiza. Ndiyo maana nimekuleta.” Huo ndio ukawa utaratibu wa karakana. Aliyeharibu alikwenda kwa miguu yake mpaka kwa aliyeumia, hata kama ni Makete na barabara ni matope. Nilikwenda mara nne kwa miaka yote niliyokaa pale, tatu kwa makosa ya aina nyingine, na mara zote shati jeupe lilirudi na rangi ya tope.

Baadaye simu za mkononi zikaja, redio zikawekwa kabatini, na Sista akastaafu, kisha akafariki. Mimi nikahamia kwenye mitandao. Nilifunga waifai kwenye shule, hoteli na maghala, kutoka Iringa mpaka Tunduma. Kisa nilichokipenda kuliko vyote kilitokea Mafinga, kwa mfanyabiashara aliyekuwa ananunua karatasi kiwandani Mgololo. Mtandao wake ulikuwa unakufa kila mwisho wa mwezi na kufufuka wenyewe. Alishabadilisha mitambo mara mbili, na shemeji yake akamwambia ni mkono wa mtu. Nilikaa pale siku tatu nakunywa chai yake bila kuelewa kitu. Siku ya nne likaja lori likashusha marobota ya karatasi, ghala likajaa hadi darini, na mtandao ukafa mbele ya macho yangu. Karatasi nyingi namna ile zinakunywa mawimbi. Niliipandisha antena juu ya marobota, basi. Shemeji hakufurahi.

Miaka ya mwisho nilikuwa Mbeya, na ndipo tulipoanzisha kikundi hiki chetu cha kwenye simu. Tulikianzisha mafundi wachache ili tuulizane mambo ya antena, lakini hatukukaa sana wakaanza kuingia wanaojifunza, na wengi walikuja na kitu kimoja: kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, cha kupimia usalama wa waifai. Wameagiza Dar, kimekuja na basi ndani ya boksi la viatu, taa inawaka, na hakioni chochote.

Ninawapenda watu hawa, na nataka mjue hivyo kwa sababu sikuwaonyesha vya kutosha. Mtu anaanza kwa “samahani kwa usumbufu wakuu”, anatuma picha yenye giza, anafuta swali, analituma upya. Anaona haya kwamba hajui kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha. Mara nyingi tatizo ni waya tu. Ametumia wa kuchajia simu, ambao unapitisha umeme lakini taarifa haupitishi. Wakongwe badala ya kusema hivyo wanamwambia akasome kwanza. Akasome wapi, hawasemi. Wengi wao nao walisahau walikosoma.

Shida ni kwamba kifaa kile kile kinachopima mlango wa mtandao kinaweza pia kuuvunja. Kijana mmoja wa Uyole alitueleza kwa kirefu kuhusu “mradi wa utafiti”, na tulipombana ikaonekana utafiti wenyewe ni waifai ya mama mwenye nyumba wake. Basi nikaweka sheria, na niliionea fahari kubwa: hakuna kusaidiwa mpaka ulete picha ya barua ya ruhusa ya mwenye mtandao, iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Sisi wote tumekulia kwenye mihuri. Kwetu muhuri ukishagongwa, moyo unatulia. Kila ilipokuja barua niliikuza kwenye simu, nikausoma muhuri herufi kwa herufi kama karani wa wilaya, kisha nikajibu kwa maneno yale yale matatu: “Muhuri upo. Endelea.” Kuna waliokuwa wananiita Mzee Muhuri, na sikukasirika hata kidogo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaingia Upendo Mwakalinga. Ni binti wa Mbalizi, alikuwa ametoka chuoni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kinu cha mpunga Rujewa, kwa mkataba wa majaribio wa miezi sita. Mizani ya kinu ilikuwa inatuma uzito wa mpunga ofisini kwa waifai. Upendo akawaza kwamba msimu wa mavuno ukifika, malori yamepanga foleni, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuikata ile waifai akiwa nje ya uzio, na kazi yote ikasimama. Akamwomba meneja ruhusa ya kuipima kabla ya msimu. Lilikuwa wazo zuri la fundi makini.

Kifaa chake kikagoma. Akauliza kikundini, wawili wakacheka, mimi nikadai barua. Baada ya siku tatu akaileta: karatasi yenye nembo ya kinu, saini ya meneja, muhuri wa duara umekaa sawasawa katikati ya tarehe. Muhuri mzuri kuliko yote niliyowahi kuona. Mwingine akamwambia abadilishe waya, kifaa kikafanya kazi. Halafu akaandika swali ambalo nimelihifadhi kwenye simu mpaka leo: “Asanteni sana wakuu. Kabla sijaanza, kuna kitu kingine natakiwa kuangalia kwanza?”

Nikamjibu: “Muhuri upo. Endelea.”

Siku mbili baadaye, saa tisa alasiri, alinipigia. Nilikuwa juu ya ngazi pale Soweto, Mbeya mjini, nafunga antena.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kinu kimesimama?”

“Kinu kilisimamishwa makusudi, mzee, tulipanga. Ila zahanati... Imekula kwangu, mzee wangu. Wananifukuza. Wanasema wanaenda polisi. Na nyie mlisema muhuri upo.”

Nilishuka ngazi nikakaa chini. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nyuma ya ukuta wa kinu kuna zahanati. Miaka miwili kabla yake, intaneti ya zahanati ilipokuwa inasumbua, meneja wa kinu aliwapa watumie ya kwake bila karatasi yoyote, ujirani mwema tu. Bila intaneti kadi za bima hazisomeki, na kadi isiposomeka mgonjwa hapewi dawa. Meneja alikuwa ameshasahau alipoandika barua. Upendo hakuwa anajua. Aliwasha jaribio lake la kuikata waifai saa tatu asubuhi, akazunguka kinuni na daftari akiandika nini kinakatika, akalizima saa nane mchana. Nyuma ya ukuta watu walikuwa kwenye benchi na kadi zao mkononi. Wengi walisubiri mpaka mwisho. Mzee mmoja mfugaji, mgonjwa wa presha aliyekuwa amemaliza dawa, alichoka akarudi kwake mbugani mikono mitupu.

Upendo alikuwa ameniuliza. Alikuwa ameniuliza waziwazi kama kuna kitu kingine cha kuangalia, na mimi niliyefundishwa na Sista Benigna nikamwonyesha muhuri. Usiku ule niliandaa nauli na koti.

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi, nikashuka barabara kuu, bodaboda ikanimalizia safari hadi kinuni. Upendo alinisubiri getini amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Nilipoiona nilijua nimefika mahali penyewe.

Meneja alikuwa mtu wa makamo, mkali kama watu wanavyokuwa wakali wanapojua nao wamo. Barua ilikuwa mezani mbele yake.

“Saini ni ya kwangu, sikatai,” alisema. “Ila sikumwambia akaue mtandao wa wagonjwa. Na wewe mzee, hapa ni nani?”

“Mimi ndiye niliyemwambia aendelee.”

“Kwa cheo gani?”

“Sina cheo. Mimi ni fundi wa kwenye simu.”

Alinitazama kama anayejiuliza ampigie mlinzi au anipe kiti. Nikamweleza kwamba binti aliuliza, na aliyejibu vibaya ni mimi. Kama kuna wa kupelekwa polisi, ni huyu mbele yake, ana nauli na amekuja na koti. Aliichezea kalamu. Mwisho akasema yeye mwenyewe angeweza kulimaliza, lakini mlalamikaji ni mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, na akilalamika wilayani kinu nacho kitaulizwa. Mganga akifuta lalamiko, binti abaki. Asipolifuta, binti aondoke leo.

Tukazunguka ukuta hadi zahanati. Mganga mfawidhi alikuwa mama mtulivu, na utulivu wake ulinitisha kuliko ukali wa meneja.

“Mimi nyinyi siwahitaji,” alisema. “Wagonjwa wengine wote walipata huduma jioni. Namhitaji Mzee Masanja. Simu yake haipatikani tangu jana, na hana hata kidonge kimoja. Kama yuko salama na ameridhika, tutaongea. Kama ameanguka huko, msirudi kuniomba kitu.”

Upendo alianza kulia. Nikamwuliza mganga kama dawa za mzee ziko tayari. Zilikuwa tayari. Akampa mhudumu mmoja bahasha na kipimo cha presha, pikipiki mbili zikaitwa, tukaingia mbugani mimi, Upendo na mhudumu.

Njia ile ni ndefu, mashamba ya mpunga yanaisha, mifereji inaisha, inabaki nyasi na vumbi la ng'ombe. Tuliposimama kwenye tope kusukuma pikipiki nilimsimulia Upendo habari za nesi aliyepoteza sauti. Hakucheka hata niliposema nilianza upya kwa Kihehe. Aliuliza tu, “Mtoto alipona?” Nikamwambia alipona. “Na huyu?” Nikarudi kusukuma pikipiki.

Mzee Masanja tulimkuta nje ya boma lake, ameketi kwenye kigoda anasokota kamba ya ndama. Nilipoona mikono yake inafanya kazi, nilishuka kabla pikipiki haijasimama. Mhudumu alimpima, presha ilikuwa juu, lakini si ya kutisha. Akanywa dawa palepale kwa maji aliyoletewa na mkewe.

Upendo alipiga magoti. “Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Wewe mtoto wa nani, unalia nini?”

“Mimi ndiye niliyezima mtandao, babu. Jana ulipokosa dawa. Nilikuwa najaribu kazi, sikujua kama na nyinyi mko humo. Naomba unisamehe.”

Nikaongeza kwamba mkosaji mkubwa ni mimi niliyemwelekeza. Mzee alitutazama mmoja mmoja, akaweka kamba chini.

“Mtandao,” alisema. “Mimi nimekaa kwenye lile benchi miaka, mwanangu. Kila siku naambiwa hii mtandao imekatika, mzee rudi kesho. Haina baba, haina mama, haijulikani inakaa wapi. Nikasema huko serikalini labda. Kumbe ni katoto kama haka.” Akamgeukia mkewe. “Njoo uone. Leo mtandao umekuja nyumbani kuomba radhi.”

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Tukaletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na hatukuruhusiwa kuondoka kabla hakijaisha. Machozi yalikuwa yananitoka mimi sasa, nikasingizia vumbi. Tulipokuwa tunaaga Mzee Masanja alimshika Upendo mkono akamwambia akipima tena ampitie kwanza, au amtumie mtu.

Mganga alifuta lalamiko lake. Upendo alibaki kinuni, na sasa ana mkataba kamili. Jambo la kwanza alilofanya ni kuipa zahanati mtandao wake peke yake, na meneja akaliandikia hilo barua, yenye muhuri bila shaka.

Mimi nilirudi Mbeya nikafuta sheria yangu. Barua bado tunaidai, ila sasa ni ya pili. Kwanza anayejifunza azunguke jengo kwa miguu, abishe hodi kwa kila jirani, duka, fundi cherehani, nyumba ya ibada, aandike majina ya wote wanaotegemea hewa ile, hata waliopewa kwa mdomo. Wengine walilalamika kwamba huo ni uchunguzi wa mjumbe wa nyumba kumi, si ufundi. Wacha walalamike. Uangalizi wa kikundi nikamwachia Upendo.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Iringa, asubuhi, nina chai yangu barazani. Simu ikalia. Mgeni kutoka Mbalizi ameandika: “Habari wakuu, samahani kwa usumbufu. Nimenunua kifaa, taa inawaka ila hakioni kitu. Barua ninayo, ina muhuri.” Nikavaa miwani haraka, nikaanza kumwandikia kwamba kwanza abadilishe waya. Sijafika nusu, Upendo akawa ameshajibu:

“Karibu sana, na wala si usumbufu. Waya tutauangalia pamoja. Lakini kabla ya hapo zunguka hilo jengo kwa miguu, urudi utuambie: nani mwingine yuko humo?”

Nilisoma mara mbili. Sista hakuwahi kumwona binti huyu. Nikalifuta jibu langu herufi kwa herufi, nikaiweka simu mezani. Kwa karatasi nilistaafu mwezi uliopita; kwa kweli nilistaafu siku hiyo.